Siku Mtaa Uliponipa Dhahabu

Kwanza niseme wazi ili tusipotezeane muda: sijawahi kupata medali ya dhahabu. Wala ya fedha, wala ya shaba. Katika mashindano yale makubwa ya kimataifa, yale yanayokusanya riadha, ngumi, mpira wa wavu na michezo mingine chungu nzima kwa wakati mmoja, mimi niliogelea mita mia moja kipepeo kwa wanawake. Niliongoza kundi langu la mchujo, na matokeo ya makundi yote yalipotoka nikawa wa tatu kutoka mwisho. Hayo ndiyo matokeo, yako mtandaoni, na mwenye shaka akayasome. Lakini ukifika mtaani kwetu Kipawa hadi leo ukauliza, hutakosa mtu wa kukuapia kwamba alimwona mtoto wa mchonga vinyago akichukua dhahabu, na kwamba hakuhadithiwa.

Mchonga vinyago huyo ni baba yangu. Wazazi wangu wote wawili ni watu wa Mtwara, wakaja mjini kila mmoja kwa njia yake, wakakutana hapa. Baba anafanyia kazi uani kwetu chini ya kipande cha bati, na vumbi la mpingo limeingia kwenye kila kitu tunachomiliki. Mama alikuwa mpishi katika shule moja ya kulipia upande wa Kinondoni. Shule ilikuwa na bwawa, na Jumamosi asubuhi watoto wa wafanyakazi waliruhusiwa kuogelea kabla wanafunzi wenyewe hawajafika. Wenzangu wengi walikwenda mara moja, maji yakawaingia puani, wakaaga. Mimi nilibaki. Nilikuwa mtoto mgomvi, nagombana na watoto wa jirani, nagombana na walimu, nagombana hata na kuku, na kule majini sikumwona wa kugombana naye. Nadhani ndiyo sababu.

Kocha wa pale alikuwa mwanamke. Aliniangalia miezi michache, akasema nina mabega, kisha akafunga safari hadi Kipawa kuzungumza na baba. Aliketi nasi mkekani, akanywa chai, akaeleza habari za mazoezi, mashindano na faida zake. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: mtoto anavaa nini? Kocha hakuzungusha maneno. Alimwonyesha kwa mkono wake vazi linaishia wapi juu na linaishia wapi chini. Baba akasema, "Mwalimu, mtoto aogelee. Ila mie msije mkaniita kutazama."

Akaishika kauli yake. Isije ikaonekana namsema vibaya, maana hakuwa mkali hata kidogo. Nikirudi mazoezini ananiuliza kama nimerudi salama, na dawa ya bwawa iliponikausha nywele ni yeye aliyeniletea mafuta ya nazi. Lakini hakuwahi kukanyaga bwawani. Siku picha yangu ilipotoka gazetini, nimesimama na wenzangu tumevaa hivyo tulivyovaa, alilikunja gazeti taratibu akampa mama. Wazee anaosali nao msikitini walikuwa wakimuuliza kwa upole kama mtoto ameshaacha mambo ya maji. Anawajibu kwamba bado anaogelea, mazungumzo yanaishia hapo. Iliniuma. Nilijikaza kisabuni mbele za watu, lakini kila nilipogusa ukuta na kuinua kichwa nilikuwa natazama walipo wazazi wa wenzangu, na najua fika nilikuwa namtafuta mtu ambaye hayupo.

Mtaani kwetu kuogelea ni kwenda ufukweni Sikukuu ya Idi na kusimama kwenye maji ya kiunoni huku umeshika viatu. Niliposema naogelea kipepeo walicheka, wakaniuliza kama nitaruka. Kipepeo ni mtindo ambao mikono yote miwili inatoka majini kwa pamoja na kurudi kwa pamoja, na miguu vilevile inapiga teke pamoja kama imefungwa kamba. Mita za mwanzo zinapendeza. Ukivuka nusu unahisi mtu mzima amekukalia mgongoni na anakataa kushuka. Kocha alinipa mtindo huo kwa sababu hakukuwa na msichana mwingine aliyeutaka, na mimi niliupenda kwa sababu hiyohiyo.

Jinsi nilivyopata nafasi ya kwenda huko nje nayo isitiwe chumvi. Nchi zenye waogeleaji wachache hupewa nafasi hata kama muda wao haujafika kiwango, ili kila bendera ionekane. Hakuna aliyeniogopa. Mimi nilijua, kocha alijua, na kwa ujinga wangu nilidhani kila mtu anajua. Pia nilidhani kila mtu anajua habari ya makundi. Waogeleaji wakiwa wengi kuliko njia za bwawa hugawanywa, na wale wenye muda mbaya kuliko wote hutangulizwa kundi la kwanza. Wakali wanakuja nyuma. Kwa hiyo ukiwa wa kwanza kwenye kundi la kwanza, maana yake wewe ndiye bora kati ya walio dhaifu, na walio hodari bado wako chumbani wanajinyoosha viungo.

Kundi letu lilikuwa na watu watatu tu. Mmoja alitoka kisiwa kidogo sana. Aliniambia kwao mtu akipiga chafya majirani wote wanamwombea afya. Mwingine alitoka nchi ya milima, na tulipokuwa tumekaa kwenye kile chumba cha kusubiri kuitwa alikuwa anasali bila kutoa sauti. Nami nikasoma dua yangu. Tulipotoka, njia za pembeni zote zilikuwa tupu, na watu majukwaani walikuwa bado wanatafuta viti vyao na kula mikate. Tangazo likasomwa, majina yetu yakatamkwa yalivyotamkwa, tukapanda vijukwaa vya kurukia.

Bwawa la shuleni kwetu lilikuwa la mita ishirini na tano. Lile lilikuwa la hamsini, na tofauti yake huijui mpaka uwe ndani. Unaogelea, unaogelea, ukuta hauji. Nilifanya kama kocha alivyoniagiza, nikazuia papara, nikahesabu mapigo ya mikono yangu na kumwacha yule wa kisiwani atangulie. Nikagusa ukuta kwa mikono yote miwili kama sheria inavyotaka, nikageuka. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Miguu ya yule dada ilikuwa mbele yangu kidogo tu, inanimwagia povu usoni, na kasoro yangu ya siku zote ikanisaidia: nilikasirika. Niliikasirikia ile miguu kana kwamba imenitukana. Mabega yalishaanza kukataa, kifua kinawaka, lakini hasira haikuisha, na povu likawa linarudi nyuma, linafika begani, linafika kiunoni, mpaka nikagusa.

Niliinua kichwa nikaona kwenye ubao bendera yetu, na pembeni yake namba moja. Chini yake ulikuwa muda wangu, ambao sikuwahi kuufikia hata ndotoni. Nilifurahi kweli, wala sitanii. Yule wa kisiwani alinikumbatia juu ya kamba inayotenganisha njia, na yule wa milimani alipofika tukamngoja tukatoka pamoja. Wakati tunatoka, kundi la pili walikuwa tayari wamesimama nyuma ya vijukwaa vyao, mabega yao makubwa kuliko yangu. Baada yao wakaja wengine, na wengine tena. Orodha ilipokamilika, kundi letu zima lilikuwa mkia, na mimi ndiye niliyekuwa mwanzo wa mkia. Kocha alinipigia makofi vilevile, maana alichonituma ni kuushinda muda wangu, na nilikuwa nimeushinda.

Nilipofika tulikolala nikapata mtandao, nikamwandikia mama kwamba nimeongoza kundi langu na nimevunja muda wangu mwenyewe, namshukuru Mungu. Ujumbe ule ninao hadi leo. Hakuna neno la uongo ndani yake.

Sasa yaliyotokea Kipawa siku ileile nimeyapata kwa mama, kwa shangazi na kwa watu wengine ambao hawakubaliani kwa lolote isipokuwa hili. Kule nilikokuwa ilikuwa asubuhi, lakini Dar ilikuwa alasiri, na siku hiyo ilikuwa siku ya mechi ya watani wa jadi. Jirani yetu ana kibanda umiza, kile cha mabati na mabenchi ambamo watu wanabanana kutazama mpira na sinema. Wanaume walishawahi nafasi mapema. Mama akaenda kumwomba mwenye kibanda aniweke mimi kwenye runinga kidogo kabla ya mpira. Yule jirani ni muungwana, akakubali, kwa sharti kwamba mpira ukianza watanitoa.

Mle kibandani kuna kijana anayetafsiri sinema. Anakaa na kipaza sauti, picha ya Kichina au ya Kihindi inakwenda, na yeye anaweka Kiswahili juu yake. Yeye ndiye jambazi, yeye ndiye bibi harusi, yeye ndiye mbwa. Watu wa kwetu hawawezi tena kutazama picha bila yeye. Basi picha ya bwawa ilipotokea, mtangazaji anazungumza Kiingereza, kijana akaona hii ni kazi yake kama kazi nyingine. Hakuwahi kuona mashindano ya kuogelea maishani mwake. Alishika kipaza sauti, akawaonyesha kwamba mtoto wa mtaa wao ni yule mwenye kofia ya kijani, akaanza. Mama anasema nilipokuwa wa pili alilia kwa sauti ya kike, na nilipokuwa naikaribia ile miguu alinguruma. Wale waliokuja kwa ajili ya mpira walikuwa wamesimama juu ya mabenchi.

Majina yetu yalipokuwa bado yanasomwa, wanaume wawili walikuwa wameshachomoka kwenda kumchukua baba. Alikuwa uani anapiga msasa. Aliwaambia hatazami, wao wakamwambia mzee, mtaa mzima uko pale isipokuwa wewe, wakamshika mkono huku na huku wakamleta na vumbi lake. Akasimama mlangoni. Namba moja ilipotokea karibu na bendera, kijana akatangaza kwamba mtoto wa Kipawa ni bingwa wa dunia, malkia wa maji yote, medali ya dhahabu inakwenda nyumbani. Nani angebisha? Mbio zimekimbiwa, wamefika watatu, wa kwanza ni wetu. Mwenye kibanda akatazama saa, akaweka mpira. Makundi yaliyofuata hayakuonwa na mtu hata mmoja.

Baba alibebwa mabegani. Mimi bado napata shida kuiona picha hiyo. Na juma lile, wale wazee wa msikitini waliokuwa wakimuuliza kama nimeacha walimpa mkono mmoja mmoja. Hakuna aliyetaja mapaja. Dhahabu ilikuwa imenivisha nguo. Mama alinieleza baadaye kwamba baba alianza kutoka jioni na kukaa barazani na wenzake, jambo ambalo alikuwa ameliacha, na mtu akiuliza habari zangu anazieleza mwenyewe bila kuharakisha.

Mimi sikujua lolote. Shangazi, dada yake baba anayekaa Kinyerezi, alinipigia siku moja kabla ya safari ya kurudi, akanisisitiza nivae vizuri siku ya kushuka. Nikafikiri ni kwa sababu nitakuwa nimevaa jezi ya taifa.

Tulipotoka pale uwanja wa ndege niliona kwanza spika, halafu vitenge. Kina mama wa mtaa wetu karibu wote, sare moja, wanaimba. Spika inapiga singeli. Wazazi wa wenzangu wamesimama pembeni na funguo zao za magari, wanatabasamu bila kuelewa. Mwenzangu mmoja akaniuliza kwani nilishinda nini. Nikamwambia na mimi nataka kujua. Shangazi akanivisha shada la maua, akaniambia, "Ivae basi tuione."

Nikamuuliza niivae nini. Medali, akasema. Nikamwambia sina medali. Hapo mjomba mmoja akawaelewesha watu kwamba medali za dhahabu hazikai na mchezaji, zinapelekwa kwanza wizarani zikakaguliwe. Mwingine akaongeza kwamba ndivyo ilivyo nchi zote. Nikapaza sauti nikasema hakuna medali, sikushinda medali, nimekuwa wa tatu kutoka mwisho. Wakacheka. Mama mmoja akasema mtoto huyu kweli amefunzwa, hajikwezi.

Ndani ya gari nilimweleza shangazi yote, mchujo, makundi, orodha. Shangazi yangu si mjinga. Alinisikiliza bila kunikatiza na nikaona uso wake unabadilika. Akasema nyumbani kuna turubai, kuna wageni, mchele umeshaingia jikoni, na maneno haya nitayasema kesho. Nikamuuliza, na baba je?

"Baba yako ndo kwanza anainua kichwa," akasema. "Ukimwangusha leo mbele ya watu wale, mwanangu, hatainuka tena. Na wewe maji utayasahau."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na hilo ndilo lililonitia baridi. Nilijua kabisa kinachopimwa. Bila dhahabu mimi ni msichana aliyekwenda kuonyesha miguu yake kwa dunia nzima na kurudi mikono mitupu, na baba ni mzee aliyebebwa mabegani kwa jambo hilo. Lakini kesho yenyewe ingekuwaje? Mwenyekiti wa serikali ya mtaa angekuwa ameshatoa hotuba. Baba angekuwa ameshashukuru hadharani. Halafu mtu mwenye simu na akili timamu anaingia mtandaoni na kusoma, na baba anaisikia habari hiyo barazani kutoka kwa watu baki. Nikaona heri aisikie kwangu, tena kabla hajafungua kinywa.

Turubai lilikuwa limefunga barabara yetu yote. Mbele waliweka sofa yenye kitambaa cheupe, wakanikalisha kama bibi harusi, na mbele yangu keki yenye duara la njano katikati. Baba alikuwa mstari wa mbele karibu na mwenyekiti, kanzu nyeupe, kofia mpya. Sikumbuki kumwona amependeza namna ile. Aliniangalia usoni moja kwa moja, akaniitikia kidogo kwa kichwa, na kwa sekunde kadhaa nilitamani sana kumsikiliza shangazi.

Mshereheshaji alipoanza kuwatambulisha wageni niliinuka. Aliyekalishwa kwenye sofa ile hainuki, na kina mama wakanishika kitenge kunirudisha. Nikapita. Nikapiga magoti mbele ya baba, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunipa pole ya safari. Nikamwambia kwa sauti ya chini, haraka, kabla moyo haujageuka. Nikamwambia wale watatu aliowaona walikuwa kundi la kwanza tu, wakaja wengine makundi kwa makundi, na karibu mtaa mzima wa watu umenitangulia.

Baba hakuacha kutazama mbele. Aliuliza kama wale wawili niliwashinda kweli. Nikasema kweli. Akauliza kama waliobaki wote wamenizidi. Nikasema wote. Akaniambia nirudi nikakae.

Akasimama, akanyoosha mkono kuomba kipaza sauti. Mshereheshaji akadhani mzee anataka kufungua kwa dua, akampa kwa heshima na kuzima muziki.

"Jamani, tumekosea," baba akasema. "Mtoto hana dhahabu. Kawashinda wawili, waliobaki wote wamemshinda. Kaja kuniambia mwenyewe. Chakula kimeiva, tule."

Akarudisha kipaza sauti na kukaa. Halafu vichwa vyote vikamgeukia yule kijana wa kutafsiri, ambaye alikuwa pembeni amevaa suti. Naye akajitetea kwamba aliona namba moja, yeye angesoma namba gani nyingine? Mabishano yakaanza. Wengine walisema mtu hawezi kufika wa kwanza akawa wa mwisho, hiyo ni hujuma ya wazungu. Mwenyekiti akataka aelezwe, nikamweleza habari za makundi, akaitikia ndiyo ndiyo huku anatafuta viatu vyake kwa macho, na baada ya muda mfupi akakumbuka kikao. Bibi mmoja akasema hao wengine walishindwaje kuja kuogelea na mimi saa ileile kama si woga. Ndiye huyo na wenzake wanaoapa hadi leo.

Watu walikula, maana pilau haina kosa. Lakini furaha ilishaondoka, na kina mama kadhaa walibeba chakula chao kwenye vyombo wakarudi makwao. Wakati wanapita nyuma ya viti vya mbele, mmoja akamwambia mwenzake, wala hakujali kushusha sauti, "Kumbe mapaja yote yale bure."

Nilisikia. Baba naye alisikia, nilimwona mkono wake umesimama juu ya sahani. Kisha akaendelea kula. Sijawahi kuumia namna hiyo, si majini wala nchi kavu. Shangazi alikata keki akaigawa kwa watoto, akianzia na lile duara la njano.

Kabla ya magharibi vijana wa turubai walikuwa wanafungua kamba na kupanga viti. Mama alikuwa uani anaosha masufuria. Baba alivua kanzu, akavaa shati lake la kazi, akaenda kukaa chini ya bati lake, lakini hakushika chombo. Nilimpelekea chai. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa lolote ambalo angesema, na nilikuwa nimeshaamua kwamba akiniambia niache, nitaacha, na nitaacha bila kugombana naye. Nilikaa kwenye gogo pembeni yake.

Alikunywa nusu kikombe. Kisha akasema kwamba siku ile walipomburuta kwenda kibandani, alipofika mlangoni mimi nilikuwa nimeshageuka na niko njiani kurudi.

"Mwanzo sikuuona," akasema.

Nikamwambia mwanzo hauna mambo mengi, kazi iko kurudi. Akasema hata hivyo. Mtu akiletewa kinyago nusu hawezi kujua mchongaji alikuwa na nia gani. Akaniuliza mashindano ya hapahapa mjini ni lini. Nikamwambia ni mwezi ujao, palepale shuleni Kinondoni. Akauliza wazazi wanakaa upande gani. Nikamweleza kuna viti upande wa kivuli, ila ni vichache, watu wanaviwahi, wanaochelewa wanasimama juani.

Baba akamalizia chai yake, akanirudishia kikombe, akamwita mama kule kwenye masufuria akamwuliza siku hiyo mimi na yeye huwa tunatoka nyumbani saa ngapi.